Kapu la Mtu wa Nanyamba

"Sukari ndiyo hiyo imekwisha," alisema Yustina, akaligeuza kopo juu chini ili mumewe aone mwenyewe.

Mikaeli hakulitazama. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amempakata binti yao Felista, mwenye miaka miwili na nusu. Tangu jana alfajiri Felista alikuwa anaharisha na kutapika, na kilichomtoka sasa kilikuwa maji matupu, meupe, kama yaliyooshewa mchele. Macho yalikuwa yameingia ndani. Ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Jina la ugonjwa halikuwa limetamkwa chumbani humo, ingawa mwaka ule watu wa Mtwara walikuwa hawazungumzi kingine: kipindupindu.

"Tumpeleke," alisema Yustina.

"Wapi?"

"Unajua wapi."

"Sema basi. Sema kambini." Mikaeli aliteremsha sauti, kwa sababu ukuta uliowatenga na chumba cha jirani yao Salma haukufika juu. "Mtoto gani unayemjua wewe aliyeingia kule akatoka anatembea? Nitajie mmoja."

Yustina alitafuta jina akalikosa. Kambi ilikuwa shule iliyofungwa, nje kidogo ya mji, inalindwa na mgambo. Watu walisema mgonjwa akishaingia, mama yake humwona kupitia uzio tu, na akifa humwagiwa chokaa na kufukiwa na watu wasiomjua, bila sala wala sanda. Huenda nusu ya maneno hayo yalikuwa uongo. Nusu iliyobaki iliwatosha karani huyu wa bandarini na mkewe, watu wa kuja kutoka Mbinga, wasio na ndugu hata mmoja pwani yote hii wa kuwashika mkono.

Muuguzi aliyesali nao kanisani aliwahi kuwafundisha akina mama dawa ya nyumbani: maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo na sukari, mtoto anyweshwe kidogo kidogo bila kuchoka. Felista alikuwa ameyanywa jana kutwa, na ilipofika magharibi alikuwa ametulia kidogo, hata akaomba mwanasesere wake. Hilo ndilo lililowapa moyo. Nguo zake walizifua ndani, kwenye beseni, na kuzianika juu ya viti. Harufu waliipiga vita kwa ubani, hata Salma akatania kutoka ng'ambo ya ukuta kwamba Wakristo wa chumba cha pili siku hizi wananukia kama maulidi.

"Nenda wewe kwenye foleni," alisema Mikaeli. "Mimi nimepeleka habari kazini kwamba nina malaria. Wakiniona nimesimama dukani tumekwisha."

"Na wakiniuliza mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Kwani mtoto halali? Na usimwambie mtu, Mama Felista. Hata padri."

Yustina alifunga noti ya shilingi kumi kwenye pindo la khanga, akachukua kapu lake. Mlangoni aligeuka. Felista alikuwa anamtazama, lakini hakulia kumfuata, na huko kutolia kulimtisha kuliko kilio chenyewe.

*

Alifika kwenye duka la ushirika, Chikongola, kabla ya saa moja, akakuta wamemtangulia watu thelathini na kitu. Kusema kweli, theluthi yao walikuwa vikapu. Foleni za mwaka ule zilikuwa na sheria zake na hakuna aliyeziandika: ukichoka, ukitaka kwenda haja, ukikumbuka umeacha chungu motoni, unaliacha kapu lako mahali pako na kumwomba aliye nyuma akusogezee. Kapu likiwa foleni, na wewe uko foleni. Anayelisukuma kando kapu la mwenzake alitukanwa hadi akaondoka, na wapo waliochapwa makofi. Mtu aliyekuwa tayari kukuuzia sukari ya magendo kwa bei ya kukuliza hakuthubutu kuligusa kapu lako.

Aliyemtangulia Yustina alikuwa mwanamume wa makamo, miguu imejaa vumbi jekundu, mkononi ana kapu la ukindu lililosukwa vizuri sana.

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba, mwanangu." Alitamka taratibu, Kiswahili chake kimelalia Kimakonde. "Mimi nnatoka Nanyamba. Nnimekuja na lori la kolosho tangu jana. Kaka yangu kafaliki, hitima kesho kutwa, na kule hakuna sukali hata ya kulamba."

"Pole sana, mzee."

"Tushapoa. Na wewe, ya chai?"

"Ya chai," alijibu Yustina, akatazama chini.

Duka lilifunguliwa saa tatu, na foleni ikaanza kwenda mwendo wa kobe, maana muuzaji alikuwa mmoja na mizani moja. Jua lilikuwa limeshachoma. Yule mtu wa Nanyamba akageuka, uso umejaa jasho ingawa midomo ilikuwa mikavu.

"Mwanangu, nisogezee kapu. Nnakwenda kukaa pale kivulini kidogo."

Alikwenda kwenye ukuta wa ghala upande wa pili wa njia, hatua kama ishirini. Akarudi. Akaomba tena, akaenda nyuma ya ghala, akarudi ameshika tumbo. Mara ya tatu hakurudi. Aliketi chini, akaegemea ukuta, kisha akainama pembeni akatapika.

Yustina aliona kilichotoka. Kilikuwa cheupe. Akaona na mkono aliouweka chini kujizuia asianguke, na vidole vya mkono ule. Katika foleni nzima hakuna aliyejua kama alivyojua yeye, kwa sababu alikuwa ameacha vidole vya namna ile nyumbani kwake.

Neno lilimpanda hadi kooni. Lakini aliliona na lile ambalo lingefuata. Bwana afya angekuja na daftari. Angeandika kila aliyesimama karibu, jina na nyumba, na kesho yake watu wa dawa wangepita nyumba hadi nyumba, wakamkuta Mikaeli na malaria yake ya uongo, na beseni, na viti vilivyoanikwa nguo. Yustina alilimeza neno. Akajiambia kwamba hapa wamo watu zaidi ya arobaini wenye macho na midomo. Mmoja atasema. Si lazima awe yeye.

"Yule baba ana nini?" aliuliza Rehema, muuza maandazi, aliyekuwa mbele ya lile kapu la ukindu.

"Njaa," alijibu Selemani, fundi cherehani, aliyekuwa nyuma ya Yustina. Selemani alikuwa amejipa kazi ya kuisimamia foleni tangu alipofika, na hakuna aliyempinga, kwa kuwa alikuwa na sauti. "Watu wa shamba ndio walivyo. Anakuja mjini hata chai hajanywa, anasimama juani, unategemea nini?"

"Au kapiga pombe ya uraka," alisema mtu huko nyuma. Watu wawili watatu wakacheka.

"Mtu ana msiba, anywe uraka asubuhi yote hii?" alisema Yustina, na papo hapo akajuta kufungua mdomo.

"Kumbe unamjua?" aliuliza Rehema.

"Simjui."

"Basi nenda kamwangalie, wewe unayezijua habari zake."

Yustina hakwenda. Rehema naye hakwenda. Alikuwa ameacha unga nyumbani, na bila sukari siku ile watoto wake wanne wangelala na maji; alijiambia kwamba wanaume ndio wenye nguvu za kumnyanyua mtu. Selemani alijiambia kwamba akitoka yeye, foleni itavurugika. Wote walitazama ukutani, kisha wakatazamana wao kwa wao, na kila mmoja alipoona nyuso za wenzake zimetulia, aliamini kwamba hapana jambo kubwa. Hakujua kwamba wenzake nao walikuwa wanausoma uso wake yeye.

"Balozi ameshaambiwa," ilisema sauti nyuma.

"Nani kaenda?"

"Yupo mtu kaenda."

Maneno hayo yalipita kutoka mdomo hadi mdomo, yakafika dirishani kwa muuzaji, na yaliporudi nyuma yalikuwa yamenenepa: balozi yuko njiani anakuja. Foleni nzima ikashusha pumzi. Mambo ndivyo yalivyokwenda enzi zile. Mgeni akianguka mtaani kwako, au akigomba, au akilala barazani pasipojulikana ni wa nani, anaambiwa balozi wa nyumba kumi, na balozi ndiye anayejua la kufanya. Mtu hajitwishi mgeni peke yake. Utaulizwa umemtoa wapi.

Pale ukutani yule mtu aliinua mkono. Aliuinua mara moja tu, si juu sana, kiganja kimewaelekea. Kila aliyeuona alidhani anaitwa mwingine.

"Sogeza, mama, sogeza," alisema Selemani. "Nafasi hiyo."

Yustina aliinama, akalinyanyua lile kapu la ukindu kwa mikono miwili, akaliweka hatua moja mbele. Kisha akasogeza lake.

*

Nyumbani Mikaeli alikuwa anamnywesha Felista maji ya chumvi peke yake, kwa kijiko, na Felista alikuwa anayatema. Ilipofika saa tano aliacha hata kutema. Maji yalitoka yenyewe pembeni mwa mdomo.

"Felista. Mwanangu. Meza."

Mtoto alifumbua macho nusu. Mikaeli alimfinya ngozi ya tumbo kidogo, kama alivyomwona muuguzi akifanya, na ngozi ikabaki imesimama, haikurudi. Akaifunika haraka kwa shuka, kana kwamba kuna mtu atamwona.

"Hodi, Baba Felista!" Ilikuwa sauti ya Salma, nje ya mlango. "Homa inaendeleaje?"

Mikaeli alijilazimisha kukohoa, akakumbuka kwamba malaria haina kikohozi. "Nashukuru, Mama Juma. Nimelala tu."

"Na mtoto?"

"Naye amelala."

Aliona kivuli cha miguu ya Salma chini ya mlango, hakiondoki. Mikaeli alitamani, kwa moyo wake wote, yule mwanamke asukume mlango aingie bila kukaribishwa, aone, apige kelele, mambo yaishe. Alitamani pia aende zake. Kivuli kikaenda zake.

*

Saa sita kasoro, Rehema alipokea kilo yake, akaondoka mbio. Lile kapu la ukindu likawa mbele ya dirisha.

"Kapu la nani hili?" aliuliza muuzaji.

"La yule mzee pale," alisema Yustina.

"Siuzii kapu mimi. Mwenyewe aje."

"Acha hizo, bwana!" Selemani alipanda sauti. "Mtu kapanga foleni tangu usiku, katoka Nanyamba huko, leo kwa kuwa kachoka kidogo ndiyo adhulumiwe? Mpe haki yake!"

"Mpeni haki yake!" waliitikia wengine. Walisema kwa uchungu wa kweli. Kapu lile walikuwa wamelilinda asubuhi nzima, na hakuna hata mmoja aliyejaribu kulipita.

"Mama, kamwamshe basi," alisema Selemani. "Nafasi yako nakushikia."

Yustina alivuka njia. Hatua ishirini. Alizihesabu bila kutaka, na kila hatua alishangaa jinsi zilivyokuwa chache. Yule mtu alikuwa amelalia ubavu, uso ukutani. Chini yake udongo ulikuwa umelowa eneo pana. Nzi walikuwa wengi.

"Mzee. Zamu yako imefika, mzee."

Akamgusa bega. Lilikuwa baridi, katika jua lile.

Hakupiga kelele. Alisimama tu, amejishika mdomo, na watu waliposoma mgongo wake wakaelewa. Hapo ndipo foleni ilipopata miguu. Kila mtu alikuja, akasimama mbali kiasi, na kila mtu alikuwa na la kusema. Mimi nilisema tangu mapema. Mimi nilidhani amelala. Kwani balozi yuko wapi? Balozi gani huyu anaitwa tangu saa tatu mpaka mtu anakufa?

"Balozi ni mimi," alisema mzee mmoja, kwa sauti ndogo.

Wakageuka. Alikuwa Saidi, mjumbe wa nyumba kumi za mtaa ule, kapu mkononi, kofia imelowa jasho. Alikuwa wa arobaini na moja kwenye foleni.

"Ulikuwa humu humu?"

"Nilisikia balozi ameshaambiwa," alisema Saidi. "Nikadhani mmemwita wa upande wa pili. Upande ule si nyumba zangu." Aliuonyesha ukuta. "Mimi hakuna aliyeniambia."

Muuzaji ndiye aliyemtuma mtu kwa baiskeli hatimaye. Gari la afya lilifika ndani ya robo saa. Robo saa tu. Hata waliokuwa wanabishana walinyamaza walipoona jinsi lilivyofika upesi. Bwana afya aliteremka, kijana mnene mwenye viatu vya mpira, akachuchumaa, akatazama vidole, akatazama udongo.

"Ameanguka saa ngapi?"

"Sasa hivi tu," alisema Selemani.

"Sasa hivi." Bwana afya aliinuka. "Ametapika na kuharisha ndoo nzima hapa, kisha unaniambia sasa hivi. Jina lake nani?"

Hakuna aliyejua. Walijua anatoka Nanyamba na kwamba kaka yake amekufa.

"Alikuwa na nani?"

"Hatumjui," walisema, na kila mmoja akarudi nyuma hatua moja.

Mgambo wawili wakaanza kumwaga chokaa. Dirishani muuzaji, asiyejua afanye nini na mikono yake, aliita anayefuata. Anayefuata alikuwa Yustina. Alikwenda, kwa kuwa miguu ilimpeleka. Alilipa, akapimiwa kilo moja, akaipokea. Njia ya kwenda kwake ilikuwa wazi. Angeweza kuipita pale pale, na hakuna ambaye angemkumbuka.

Alirudi kwa bwana afya.

"Kama angepewa maji ya sukari na chumvi," aliuliza. "Angepona?"

"Mapema, labda. Akishafika pale pa ngozi kukataa kurudi na macho kuzama, anataka dripu, mama. Maji ya mdomoni hayamfikii. Huyu angeletwa asubuhi, sasa hivi angekuwa kambini ananilalamikia uji." Alifunga kalamu yake. "Wangapi wametoka wazima? Wengi tu. Lakini hawaletwi. Wanafichwa. Ninaletewa maiti."

Yustina aliogopa vile ambavyo hajapata kuogopa tangu azaliwe. Hakuiogopa kambi tena. Aliiogopa saa. Alikuwa amesimama kwa muda wa saa tatu akimtazama mtu huyu akifa hatua kwa hatua, na sasa alijua kila hatua, na alijua mtoto wake amefika ya ngapi.

"Nyumbani nina mwingine," alisema.

Bwana afya hakuelewa. "Mwingine nini?"

"Mgonjwa. Mtoto wangu. Tangu jana." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na nyuma yake alisikia watu wakijivuta kumkwepa, Selemani akiwa wa kwanza. "Twende. Nitakuonyesha. Twende sasa hivi."

*

Gari liliposimama mbele ya nyumba, majirani walikuwa wameshatoka. Walijipanga barazani na mlangoni, khanga zimefunika pua. Mikaeli alifungua mlango wa chumba, akamwona mkewe akiwa katikati ya wanaume wenye viatu vya mpira.

"Umewaleta," alisema.

"Nimewaleta."

Alimtazama kama mtu aliyeuzwa. Kisha akasogea kando wapite. "Hamezi," alisema. "Tangu saa tano hamezi."

Bwana afya alimshika Felista mkono, kisha shingoni, muda mrefu. "Moyo unapiga bado. Upesi. Mama utapanda naye, baba utabaki, nyumba inanyunyiziwa dawa. Na ninyi hapo nje," aliwageukia majirani, "nani alijua humu mna mgonjwa?"

Salma ndiye aliyesema, huku anatazama miguu yake, "Tulimsikia mtoto tangu jana. Ukuta wenyewe huu. Tulidhani wameshakwenda kusema wenyewe. Au kwamba mwenzetu mmoja amekwenda."

Yustina alihisi hasira ikimpanda, kali, ya kumrarua mtu. Alitaka kumwuliza Salma alikuwa na moyo gani. Akafungua mdomo, na mdomo haukupata haki ya kuuliza.

Felista alitolewa amelazwa kwenye shuka. Alikuwa mwepesi mno, lakini Yustina hakuweza kupanda gari peke yake huku amemshika, na mgambo mmoja alikuwa na pampu ya dawa, mwingine anafungua mlango wa nyuma. Aliwatazama watu wa baraza, kumi au kumi na mbili. Wote walikuwa na huruma. Hakuna aliyenyanyua mguu. Na Yustina alijua, kwa kuwa saa chache tu zilizopita alikuwa mmoja wa watu kama hao, kwamba akisema "jamani nisaidieni" wataendelea kusimama.

"Salma!" aliita. "Wewe, Salma. Njoo umshike kichwa."

Salma alishtuka, akatazama nyuma yake kama kuna Salma mwingine. Hakuwapo. Akaiachia khanga iliyomfunika pua, akashuka barazani mbio, akaingiza mikono chini ya kichwa cha mtoto, wakapanda pamoja. Mlango ukafungwa.

Gari lilipokunja kona, Salma ndipo alipong'amua yuko wapi na anapelekwa wapi. Aligeuka kutazama nyumba, na machozi yakaanza kumtiririka.

"Mama Felista," alinong'ona. "Mimi watanirudisha leo? Nimeacha watoto."

"Sijui, dada," alisema Yustina. "Sijui. Usikiachie kichwa tu."